Mume Wangu Alimwamkia Mama Kupitia Kamera ya Sebuleni

Assalaam alaykum wenye ukurasa na nyote mnaosoma. Jina langu lificheni, na la mtaa pia, kwa sababu Msambweni tunajuana.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Mkongani, nafundisha chekechea. Mume wangu yuko Qatar mwaka wa nne sasa, anafanya kazi ya ulinzi, hurudi likizo mara moja kwa mwaka. Mtoto hatujajaaliwa. Naandika bila kulia. Msinione mkavu wa moyo, machozi yenyewe siku hizi hayaji.

Zamani tulikuwa tumepanga Ukunda. Siku moja nilirudi kutoka kazini saa tisa alasiri nikakuta kufuli limekatwa. Walichukua televisheni na mtungi wa gesi, lakini nguo zangu za ndani walizitandaza kitandani moja moja, zimenyooshwa vizuri. Hilo sikumwambia mume wangu. Nilimwambia tumeibiwa, basi. Tangu hapo nikawa sioni raha ndani ya nyumba.

Kwa hiyo nyumba yetu mpya tuliyojenga hapa Msambweni ilipokwisha, nilikwenda duka la vifaa vya ulinzi, mume wangu akiwa kwenye simu ya video. Fundi, mtu mzima wa bara, akatuonyesha namna mbili. Ya kwanza ni kamera nne za nje, king'ora, na vidude vya milangoni vinavyotuma taarifa kwenye simu mlango ukifunguliwa. Ya pili ni hayo yote pamoja na kamera za sebuleni, jikoni na koridoni, zenye spika, ili mtu aliye mbali aone, asikie na azungumze.

Fundi akaniambia taratibu, "Madam, hizi za nje zinatosha. Mwizi akishaingia ndani umechelewa tayari. Huko ndani ni kwenu, wacheni kuwe kwenu."

Mimi ndiye niliyesema, "Weka zote." Naomba mlijue hilo kabla hamjamlaumu mtu.

Mwezi wa kwanza nilipata usingizi. Kisha sauti ya mume wangu ikaanza kutoka kwenye spika. "Mbona leo umechelewa kuinjika sufuria?" "Huyo aliyetoka ni nani?" Nikimwambia ni jirani, yeye hucheka, "Mwambie akija abishe hodi kwangu kwanza." Jirani alilisikia hilo kwa masikio yake. Akaacha kuja.

Siku moja ya Jumamosi mama yangu alikuja kutoka Mkongani na mihogo na madafu. Mama ni mtu wa heshima zake. Tangu niolewe hajawahi kukaa mkeka mmoja na mkwewe, na akipita, hujifunika leso mpaka puani. Siku hiyo alijua tuko wawili tu. Akavua mtandio, akajifunga leso moja kifuani, akakaa chini nimsuke. Wallahi nilikuwa nimesahau ile kamera.

Sauti ikatoka ukutani: "Shikamoo mama! Kumbe nywele bado nyeusi hivyo!"

Mama hakupiga kelele. Alitazama mlango, akatazama dirisha. "Yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

Akavuta leso ya pili, akajifunika mwili mzima. "Mkwe wangu ameniona hivi?"

Ukuta ukasema, "Mama, niwie radhi, nilikuwa natania." Mama akatoka kwa mlango wa jikoni, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka. Hajarudi tena.

Nilimwomba mume wangu tuzitoe za ndani. Akasema, "Nikizizima nitajuaje kama uko salama? Si wewe uliyezitaka?" Kweli, ni mimi. Na si mtu mbaya jamani. Kila siku huniuliza kama nimekula.

Mwezi uliopita mama alipasuliwa mtoto wa jicho, ikabidi akae wiki mbili karibu na hospitali. Kwangu kuna vyumba vitatu. Akasema, "Kwako siendi." Akalala kwa binamu yangu, chumba kimoja na watoto wanne. Kila asubuhi nilimpelekea uji. Nikifungua mlango, taarifa humfikia mume wangu kabla sijavaa viatu, anapiga.

"Waenda wapi?"

"Kwa mama."

"Msalimie."

"Zimefika."

Siku hizi nala chakula uani, kati ya tangi la maji na ukuta, nimekalia mbuzi ya kukunia nazi. Hapo hakuna kamera inayofika. Hata michoro ya wanafunzi wangu naikagulia hapo. Sikufikiria kama najificha. Nilikuwa nakaa tu.

Juzi mume wangu akaniambia, "Kuna mahali uani unapopotea muda mrefu. Nimeshaongea na fundi. Ana kamera za namna mbili, Jumamosi atakuja nazo, wewe chagua uipendayo."

Nikasema, "Sawa."

"Umekasirika?"

Nikasema sijakasirika. Na ni kweli, sikusikia chochote moyoni, kama mguu uliokufa ganzi.

Leo fundi amepiga kuuliza aje saa ngapi. Kisha akasema, "Madam, ukitaka nizitoe zote za ndani, nitazitoa. Lakini neno la siri la kamera analo mzee wako, ataona nikigusa tu ya kwanza." Nikamwambia nitampa jibu.

Zikitoka, mume wangu atasema nina la kuficha, na ndoa hii ndiyo niliyo nayo. Zikibaki, mama hataingia nyumbani kwangu maisha yake yote, na mimi sitakuwa na pa kukaa. Nyinyi mlioolewa, na nyinyi wanaume mnaofanya kazi mbali, niambieni. Jumamosi ni keshokutwa. Fundi nimjibu nini?