Daftari Nililofutia Brashi

Leo ni Jumapili, mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke nyumbani Kenya, upande wa Bungoma. Admin, ficha jina langu. Nina miaka thelathini na sita, mke na watoto wawili, shule niliachia darasa la saba. Napaka rangi milango ya chuma kwenye karakana moja hapa Nalufenya, mjini Jinja, Uganda.

Bosi wetu, Hajji, ana tovuti ambayo wateja wa Mbale huagizia milango. Ilikuwa mbovu, watu wakawa wanaagiza vibaya na milango inarudishwa. Akamleta msichana aitengeneze upya, nitamwita Zaina. Hajji aliniahidi kwamba tovuti ikianza kazi atafungua tawi Malukhu, kule Mbale, mimi niwe msimamizi na nipewe nyumba ya kukaa na mke wangu. Kwa hiyo nilikuwa na haraka kuliko mtu yeyote.

Zaina hakugusa kompyuta. Alikuja na daftari, akawa anatuuliza. Wateja wakipiga simu wanauliza nini kwanza? Mlango ukirudishwa, ni kwa nini? Akachora maboksi kwa penseli, akafuta, akachora tena. Wiki ya tatu Hajji akamjia juu mbele yetu sote.

"Wewe msichana, rangi iko wapi? Mimi nataka kuona mlango unang'aa, wewe unaniletea maboksi kama mtoto wa nasari."

"Hajji, nikianza na rangi tutarudi palepale. Nipe siku kumi tu."

Nikadakia ili Hajji anisikie: "Wiki tatu, dada! Hata kuku ashatotoa." Karakana nzima ikacheka. Zaina akaniangalia, akasema polepole, "Na wewe kaka, huwa unapaka rangi kabla mlango haujachomelewa?" Wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi.

Hiyo ndiyo iliyoniuma. Mchana Zaina alipokwenda kuswali aliacha daftari kwenye benchi. Nilikuwa nasafisha brashi. Nikachana kurasa moja moja nikafutia rangi nyeusi, mpaka likaisha. Aliporudi akalitafuta kwa magoti kwenye vyuma chakavu, na mimi nikawa namwelekeza. "Angalia nyuma ya jenereta, dada." Akajikata kidole. Akaendelea kutafuta. Hajji akamfukuza akimwita mzembe, tovuti akampa mpwa wake, aliyeimaliza kwa siku mbili. Ilipendeza ajabu. Milango inang'aa kama dhahabu.

Juzi nilipeleka mlango Namatala, kulekule Mbale, kwa mama mmoja mwalimu. Mlango wetu huenda na fremu yake, bawaba zimeshachomelewa, haugeuzwi. Kwenye tovuti mama aliagiza bawaba ziwe kulia. Yeye alikuwa anafikiria kama mtu aliyesimama nje, sisi tukamtengenezea kama aliye ndani. Ukifunguka unagonga kitanda.

"Fundi," akaniambia, "huu mlango mmemtengenezea nani? Mwizi?" Majirani wakanicheka mpaka nikaupandisha tena garini. Ni wa nne kurudi mwezi huu, na Hajji anasema Malukhu itasubiri mpaka tovuti ikae sawa.

Sasa Hajji amempigia Zaina simu. Amemwambia arudi aanze upya, bure, kwa sababu daftari alilipoteza mwenyewe. Zaina amekubali, maana hata yeye anaamini alilipoteza. Kesho asubuhi anaingia kazini. Jana alinipigia: "Kaka, siku ile ulinitania, lakini wewe peke yako ndiye uliyenisaidia kutafuta. Sijasahau."

Ukurasa mmoja umebaki. Niliukuta umeganda chini ya kopo la rangi. Mstari mmoja bado unasomeka: "Kwanza mteja aulizwe: umesimama nje au ndani?" Pembeni ameandika jina langu. Swali hilo mimi ndiye niliyempa, wiki ile ya kwanza, kabla haraka haijanishika.

Nikisema ukweli, Hajji atanifukuza siku hiyohiyo na Malukhu nitaisikia tu. Nikinyamaza, Zaina atafanya kazi ya bure mbele ya macho yangu, na nitafaidika nayo. Sitawadanganya, kuna sehemu ndani yangu inayofurahi kwamba anarudi. Hiyo ndiyo inayonitisha.

Nyinyi mnaosoma, nishaurini kabla hakujakucha. Akifungua daftari jipya na kuniuliza swali la kwanza, nimjibu nini? Mke wangu nimeshamwambia Desemba nakuja kumchukua. Ameanza kufunga vyombo.