Mfungo wa Seli za Mama Chupa

Maabara nzima ilimwita Mama Chupa, na jina lilimkaa kama kofia aliyopimiwa. Kazi yake ilikuwa kulea seli za saratani ya matiti, katika chupa bapa ndani ya kabati la joto. Nusu yake alizidondoshea estrojeni, mwezi baada ya mwezi. Nusu nyingine alizinyima, ziwe za kulinganishia. Daktari, mkuu wake, alitaka kujua homoni hiyo ikikaa sana huwasha jeni zipi na kuzima zipi, na kama zilizozoea kuwaka husahau kuzimika.

"Wanao wa chupa wanakula kuliko mimi," mumewe, fundi cherehani, alimtania kila alipochelewa.

"Nyamaza wewe. Wenzio wamefunga."

Aliwahurumia mno hao waliofunga. Maji yao ya lishe, yale yasiyo na rangi, yalipoadimika, akawapa yenye rangi ya waridi. Hayo hugeuka manjano lishe ikichacha, kwa hiyo angewahi kuwabadilishia. Mlezi ni mlezi.

Majibu ya jeni yalipotoka, Daktari aliyatazama, kisha akamtazama yeye.

"Mama Chupa, waliofunga mbona wamenawiri? Jeni zimewaka kama nyumba ya harusi! Nani anawalisha kwa siri?"

"Haki ya Mungu, estrojeni hawajaionja."

"Uliwapa maji gani?"

"Ya waridi."

Daktari alishika kichwa, halafu kicheko kikamponyoka. "Dada yangu, rangi ile huiga estrojeni! Kidogo tu, lakini haba na haba. Umewafungisha huku unawarambisha asali."

Mama Chupa hakucheka. Bila waliofunga kweli, walioshiba hawakuwa na wa kulinganishwa nao. Kazi yote ingekwenda arijojo.

Ndipo akakumbuka friza. Kabla ya kubadilisha maji alikuwa amegandisha seli chache za waliofunga, kama mkulima asiyekula mbegu zote. Alifungua, moshi wa baridi ukamfunika uso. Zipo! Lakini seli zilizoganda si lazima ziamke. Aliziyeyusha, akazitia maji yasiyo na rangi, akaziacha, roho mkononi.

Asubuhi iliyofuata aliinamia darubini. Chache zilikuwa zimeshika sakafu ya chupa, zimesinyaa, lakini hai.

"Vipi?" Daktari aliuliza mlangoni.

"Zina njaa," akajibu, akitabasamu kama aliyezaa.

Jioni mumewe alisikia habari yote, akakuna tumbo. "Na mimi je?"

"Wewe si wa kulinganishia," alisema, akipakua. "Njoo ule."