Taa za Mama Bukuru Wakati wa Mbalamwezi

Nakumbuka asubuhi Mama Bukuru alipotoka Ilagala na taa nne za kuchaji za mtumbwi wake wa dagaa ndani ya beseni, akaja kibandani kwangu Kasingirima. Mdogo wangu unayeanza ufundi huu, sina umri wa kukuita mwanangu. Aibu ya siku ile ndiyo inayonipa ruhusa ya kukuusia.

Mbalamwezi ilikuwa imekaribia, siku ambazo wavuvi wa dagaa hupumzika, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa.

"Fundi," aliniuliza, "nizihifadhije mpaka giza lirudi?"

Sikujua. Ufundi nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma kwenye simu na kuunguza vidole, na niliogopa kuonekana sijui kuliko kukosea. Nikajibu haraka: "Ziache ziwake mpaka zizime kabisa, Mama, ndipo uziweke."

Kanuni hiyo ilikuwa ya betri za nikeli, zile za tochi za zamani. Taa zake mbili zilikuwa na betri za asidi, nzito kama tofali, ambazo huhifadhiwa zikiwa zimejaa. Mbili zilikuwa za lithiamu, nyepesi, ambazo huwekwa na chaji nusu, wala haziachwi tupu. Sikufungua hata moja kutazama.

Giza liliporudi, naye akarudi. Hakuna taa iliyoshika chaji. Mtumbwi wake ulikuwa umefungwa, na majirani zake wakianika dagaa.

Muuza vocha wa jirani akacheka: "Huyu fundi gani? Anatibu bila kupima!"

Mama hakucheka. "Mwana wanje," alianza kwa Kiha, akiniita mwanangu, "ungesema hujui, ningemuuliza mwingine. Kutojua kwako kusingenidhuru. Mficha uchi hazai."

Nilichomoa betri ya taa ya kibanda changu nikamfungia kwenye taa moja. Akashukuru. Shukrani ile iliniuma kuliko kicheko; mpaka leo nikifunga kifuniko cha taa nakifungua tena, nihakikishe ni betri gani iliyomo.

Basi, mdogo wangu, soma maandishi ya betri kabla hujafungua mdomo. Ya asidi ijaze, ya lithiamu iache katikati, na ile ya nikeli tu ndiyo uimalize. Usipojua, sema "sijui" mteja angali amesimama mbele yako, asije akaondoka na uongo wako ndani ya beseni. Mungu akupe mikono mitulivu, na ulimi usioliogopa neno hilo dogo.