Jembe la Posa ya Dada

Wiki iliyopita nilikwenda Katandala, mjini Sumbawanga, kupanga vitu vya marehemu dada yangu. Arobaini ilikuwa imekwisha na nyumba inatakiwa kurudishwa kwa mwenyewe. Nilianza na jikoni, nikaja sebuleni, nikamalizia na chumba cha vitabu, maana ndivyo ninavyofanya kazi: chumba kimoja kiishe ndipo nifungue kingine. Makoti yake meupe niliyahesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilifika mwisho bila kujua nimehesabu nini. Nyuma ya mlango wa chumba cha vitabu kulikuwa na jembe la mkono. Makali yake yalikuwa karibu mapya, na udongo mkavu ulikuwa umeganda hadi nusu ya bamba.

Nililifahamu mara moja. Nikakaa juu ya sanduku la vitabu. Sikulia, kama ambavyo sikulia siku ya mazishi. Nilikaa tu, kama mtu aliye kwenye benchi la hospitali akisubiri jina lake liitwe. Ngoja nikueleze habari ya jembe lile, kwa mpangilio, kama ninavyoikumbuka.

Kijiji chetu kiko juu ya uwanda, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini. Miti ni michache, na upepo wa mwezi wa sita unapita kwenye sweta kana kwamba hukuvaa kitu. Asubuhi iliamshwa na kengele ya misheni, halafu mashine ya kusaga iliyokohoa mara tatu kabla ya kukubali kuwaka. Tulikula ugali wa ulezi na maharage, na siku lori likipanda kutoka ziwani kupitia Matai, tulikula migebuka mikavu, samaki wa huko, na harufu yake ikabaki kwenye kanga siku mbili. Mvua zikielekea ukingoni, wanawake walilima matuta ya mviringo. Unakata nyasi, unazilaza, unazifunika kwa udongo, zioze ziwe mbolea ya mwaka unaofuata. Shamba lililokamilika lilionekana kama vichwa vingi vimeinama kusali. Mgongo wangu unayakumbuka matuta yale kuliko kichwa.

Dada alinizidi mwaka mmoja na miezi. Mimi niliishia darasa la saba. Yeye alikuwa amemaliza kidato cha nne, na barua ya kumchagua kidato cha tano, mchepuo wa sayansi, ilikuwa imefika. Aliiweka ndani ya kitabu cha biolojia alichokifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Alitaka kuwa daktari. Si nesi wala mkunga, maana hao tuliwaona misheni. Daktari mwanamke aliyezaliwa kijijini kwetu hakuwahi kuwepo. Baba, ambaye alikuwa katekista, alisema, "Nesi nakubali. Sista nakubali zaidi. Daktari ni kazi ya mwanamume mwenye mke wa kumpikia."

Jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo, alimkuta dada akipepeta ulezi akamwambia, "Ehe, daktari! Siku wanaume wakikuletea mabusha yao utafanyaje? Utawaambia wafumbe macho?"

"Nitafumba mimi, mama," dada akajibu. "Ila kisu nitakipitisha kwa kubahatisha."

Jirani alicheka mpaka akakaa chini kwenye makapi.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa, lakini maduka ya watu binafsi yalikuwa yamejaa sabuni, mitumba na majembe, vitu ambavyo miaka ya nyuma tulivipata kwa foleni au hatukuvipata kabisa. Nataka ulishike hili, kwa sababu ndipo lilipotokea kosa langu. Katika ukoo wetu posa ililetwa kwa jembe jipya. Mshenga aliliegemeza kwenye ukuta wa jikoni akaondoka. Baada ya Jumapili tatu alirudi: akilikuta safi, amekataliwa; akilikuta na udongo, maana binti amelima nalo, amekubaliwa. Lakini majembe mapya yalikuwa yameadimika tangu niko mdogo, na watu walikuwa wakiposa kwa maneno matupu. Mimi sikuwahi kuliona jembe la posa. Wala hakuna mtu aliyewahi kunisimulia.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mvua zile nilikuwa nimepelekwa Mtowisa, bondeni, kufukuza ndege kwenye mpunga wa shangazi. Nilirudi Jumamosi jioni, mwili mzima una joto la kule. Jumatatu asubuhi mpini wa jembe langu ulivunjika kabla sijatoka uani. Ukutani kulikuwa na jembe linang'aa. Nikajua baba naye kanunua dukani. Dada alikuwa amekaa mlangoni na kitabu chake. Aliniangalia nikilichukua, akasema, "Wahi, mawingu yale si mazuri." Nililima matuta kumi na moja, mvua ikanirudisha nyumbani, nikaliegemeza pale pale na udongo wake.

Jumapili baada ya misa mshenga alifika pamoja na mjomba wa mwoaji. Kijana wao alikuwa na lori, ananunua mahindi vijijini. Enzi zile mtu wa namna hiyo alikuwa anapanda. Bibi yetu akalileta jembe. Mshenga aliona udongo, akapiga makofi. "Kumbe mmeshaanza na kulima!"

Baba alimgeukia dada. "Binti, umelima nalo?"

"Hapana, baba."

"Ni nani basi?"

"Mimi," nikasema. "Mpini wangu ulivunjika. Nilidhani limenunuliwa dukani."

Mjomba wa mwoaji hakucheka. "Sisi hatukuja kuposa mpini uliovunjika."

Ndipo bibi akasema, "Nyumba imeulizwa na nyumba imejibu. Aliyelishika ndiye aliyejibu. Mkimtaka mwingine, leteni jembe lingine."

"Lakini bibi, huyu hata hatukumwangalia," mjomba akasema.

"Basi mwangalieni."

Wakageuka wote wakaniangalia. Baba akaniuliza mbele yao kama nakubali. Nilielewa jambo moja tu: udongo ukishashika haurudishwi, kwa hiyo mimi nikikataa, jibu lile litamwangukia dada, na barua itabaki ndani ya kitabu. Nikasema ndiyo, kwa sauti ile ile ninayoitikia nikitumwa maji. Nikisema utoto wangu uliisha siku fulani, siku yenyewe ni hiyo, mchana, maharage yakiwa bado jikoni.

Paroko aligoma kutangaza ndoa mpaka nitimize miaka kumi na minane. Kwa hiyo nilikuwepo dada alipoondoka kwenda shule na sanduku lake la bati. Gari lililokuwepo siku hiyo lilikuwa moja, lori la mchumba wangu. Alikaa juu ya magunia ya mahindi, akanipungia mkono mara moja, kisha akatazama mbele. Tangu siku hiyo jembe lile sikuliona tena ukutani.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Nilimuuliza kama alijuta kupata mdogo badala ya mkubwa, akasema, "Mimi nilileta jembe kwenye nyumba." Tulihamia Matai. Dada alinitumia daftari zake alizomaliza kutumia, nami nikazisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku, mpaka nikajua figo inachuja nini na moyo una vyumba vingapi. Hakuna aliyenipa mtihani.

Alirudi daktari baada ya miaka tisa. Siku moja nilikuwa kwake hospitalini nikamwona mzee wa kutoka bondeni, fimbo ya kuchungia mkononi, amekataa kulala kitandani.

"Binti, niitie daktari."

"Shikamoo babu. Daktari ni mimi."

"Marahaba. Niitie mkubwa wako."

"Mkubwa wangu ni mama yangu, na leo yuko shambani. Lala, babu, tumbo halitamsubiri."

Mzee alilala. Wengine waliondoka, nao wapo waliorudi wakiwa wamechelewa. Hilo dada hakuliona la kuchekesha.

Mtoto wangu wa tatu alikaa vibaya. Nilisafirishwa hadi Sumbawanga kwenye lori letu wenyewe, na daktari wa upasuaji aliyekuwepo alikuwa yeye. Nilichomwa sindano ya mgongo, ganzi ikashuka kutoka kiunoni hadi vidoleni. Walitundika kitambaa cha kijani kati ya uso wangu na tumbo langu. Nilisikia vyuma vikigusana. Nilisikia mikono ikifanya kazi ndani yangu kama mtu anayepekua kabati la mtu mwingine. Kisha, kutoka upande wa pili wa kitambaa, sauti ya dada ikasema kwa upole, kwa Kifipa ili nesi wa kutoka Dar asielewe, "Asubuhi ile nilijua ni jembe la nini. Nilikuona unalichukua, nikanyamaza."

Nilitafuta hasira. Niliitafuta kweli, kama unavyojaribu kusogeza mguu ulio kwenye ganzi. Nikamwambia, "Maliza kazi." Muda mfupi baadaye mtoto akalia. Ganzi ya miguu iliondoka kabla ya jua kuzama. Hatukulizungumza tena, mwaka huo wala yote iliyofuata.

Siku hizi posa huanza kwa simu. Matuta ya mviringo ni ya kutafuta. Majembe ya kukokotwa na ng'ombe yameyalaza mengi, na mtoto ukimwambia ya vichwa vinavyosali anadhani unatunga. Bibi, baba, jirani mwenye mdomo, wote wako nyuma ya kanisa. Pale hospitalini sasa kuna madaktari wasichana watatu, na sijasikia mzee akiwaambia wamwite mkubwa wao.

Mmoja wao ndiye aliyefika Katandala siku ile kuchukua vitabu. Aliniamkia, akafunga maboksi kwa kamba, akayatanguliza kwa bodaboda. Alipokuwa anatoka aliona nyuma ya mlango.

"Mama mdogo, na hili jembe mnaligawa? Nina kibustani cha mboga."

"Hilo lina mwenyewe," nikamwambia.

"Nani?"

"Mimi."

Akasema sawa, akaenda zake. Niliyafunga madirisha, moja baada ya jingine, nikalibeba begani jinsi lilivyo.