Waya Nyuma ya Ubao

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wiki ile zilikuwa zimenifika kooni. Kompyuta yangu ilikuwa imekataa kabisa kuongea na seva. Kila asubuhi nikiiwasha ilinijibu maneno yale yale, kwamba seva haionekani, ilhali seva yenyewe ilikuwa inanguruma chumba cha pili na ukinyoosha shingo mlangoni unaiona.

Hapo ni Eldoret, mwishoni mwa miaka ya chama kimoja, katika ofisi iliyotoa vibali vya mbegu. Tulikuwa na mashine mbili tu: seva iliyotunza majina ya wakulima wote, na yangu iliyoyaita majina hayo na kuchapa vibali. Kati yao ulipita waya mmoja mweusi. Mvua za kupandia zilikuwa zinakaribia, na tangu Jumatatu wakulima wa Soy na Timboroa walikuwa wameketi kwenye mabenchi yetu, kofia magotini, wakinitazama kana kwamba mbegu nimezila mimi.

Meneja alikuwa ameshampata mkosaji. "Wewe ulimwagia hii mashine chai," aliniambia mbele ya watu wote. "Friday ikifika kama bado haifanyi, unaenda nyumbani, na mimi narudisha typewriter." Chai sikuwa nimemwaga hata tone. Lakini nyumbani nilikuwa na mke na mtoto wa miezi miwili, na kazi nyingine sikuijua. Niliogopa hadi nikaacha kunywa chai.

Jumatano asubuhi mtaalamu akaja. Nilitarajia bwana wa suti na mkoba wa ngozi. Aliyeingia alikuwa mama wa makamo, sweta ya kijani, kiondo begani, viatu vina matope ya kutoka Kapsoya kwa miguu. Zamani alikuwa operata wa simu, na simu zilipobadilika alijifunza hizi mashine mpya mwenyewe, vitabuni. Nilimdharau, sifichi.

"Mama, hii ni kompyuta, si simu," nikamwambia.

Alinisalimu kwa mkono, akaushikilia mkono wangu kwa muda kidogo, kisha akauachilia. "Ni waya tu, kijana wangu. Waya nazijua."

Aliuliza ni lini mashine ilifanya kazi mara ya mwisho. Nikamwambia Ijumaa. Akauliza kama kuna kitu kilifanyika kati ya Ijumaa na Jumatatu. Nikasema hakuna, na niliamini hivyo. Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Mama alimwangalia, akaniangalia mimi, akaliacha swali hapo.

Akatandika gunia kwenye sakafu iliyong'arishwa kwa rangi nyekundu, akapiga magoti. Kutoka kwenye kiondo alitoa mita ya kupimia nyaya, imefungwa kwa leso. Kwanza alifungua mashine yangu, akamwita meneja ainame aangalie. "Mzee, unaona chai hapa?" Meneja alichungulia, akanusa kabisa, akasema haoni. Mama akaandika hilo kwenye daftari.

Kisha akatueleza kazi yake, polepole, hata wakulima wakasogea kusikiliza. Ndani ya ule waya mweusi kuna nyaya mbili, moja katikati na nyingine imeizunguka. Hazifai kugusana, na zikigusana, mita inalia. Waya wetu ulikuwa wa vipande vitatu: kimoja cha mezani kwangu, kimoja cha upande wa seva, na cha katikati kilichopita ukutani. Alivitenganisha. Akapima cha mezani, akakipinda huku na huku kila shubiri, mita kimya. Akamwita meneja ashuhudie, akaandika. Akaenda upande wa seva, akarudia yale yale, kimya tena, akaandika tena. Ilikuwa inaelekea saa nane na mimi nimechacha. Nilijiambia huyu mama anasukuma siku tu, si aanzie pale katikati tumalize! Sikuwahi kuona mtu akifanya kazi kwa utaratibu wa namna hiyo, na kwa ujinga wangu niliuita uzembe.

Alipogusa kipande cha katikati, mita ikalia.

Kipande hicho kilipita juu ukutani, nyuma ya ubao ambao meneja aliuweka ili waya usionekane. Na kwenye ubao huo ilining'inia picha ya Rais.

Miaka ile kila ofisi ilikuwa na picha hiyo, na mkono wa mtu haukuigusa ila kwa kupangusa vumbi. "Hapo hapana," meneja akasema. "Hiyo picha haitolewi."

Hapo ndipo nilipoikumbuka Jumamosi. Tulikuwa tumesikia D.O., mkuu wa tarafa, atapita kututembelea, na meneja akagundua kwamba saa ya ukutani iko juu kuliko picha, jambo lisiloruhusiwa. Akaniagiza niipandishe picha. Ukuta ulikuwa wa mawe. Msumari wa kwanza ulipinda, wa pili ukapinda, nyundo ikanipata kidole gumba. Ndipo meneja mwenyewe akanyoosha kidole kwenye ubao: "Piga hapo." Nikapiga, ukaingia vizuri ajabu.

Mama hakubishana. "Ni kweli, Mzee. Haiwezi kuwekwa chini." Akawaomba watu wote wasimame. Wakulima wakainuka kwenye mabenchi. Akapanda kiti changu, akaishusha picha kwa mikono miwili, akaipangusa kwa leso, akaingia nayo ofisini kwa meneja na kuiketisha kwenye kiti chake. Meneja hakuthubutu kuiondoa. Alibaki amesimama mpaka kazi ikaisha.

Ubao ulipofunguliwa, msumari ulikuwa umeuchoma waya katikati kabisa, ukazigusanisha zile nyaya mbili. Mama aliung'oa msumari akautia kiondoni, akaukata waya pale, akauunga upya, akavirudisha vipande mahali pake. Nikawasha mashine. Majina yakaja, na nusura nilie mbele ya mzee wa Timboroa niliyemchapia kibali cha kwanza.

Meneja alikuwa ameanza kuniangalia. "Huu msumari..."

Mama akamkatiza kwa kusoma daftari lake kwa sauti. "Shida ilikuwa waya ndani ya ubao. Chai hakuna. Karani hana makosa. Mzee umeshuhudia yote. Weka sahihi hapa." Meneja akaweka sahihi.

Nilimsindikiza hadi getini. "Mama, ule msumari niliupiga mimi."

"Najua. Nilijua ukinisalimia. Kidole gumba nyeusi, na picha iko na msumari mpya."

"Sasa mbona ukazunguka siku nzima?"

"Ningeanza na kidole yako, ungefutwa kabla nishike mita."

Akatoa ule msumari kwenye kiondo, akaniwekea kiganjani, akashika njia ya Kapsoya.