Vidole vya Mama Dobi

Siku ya mwisho ya kujiandikisha kupiga kura, Mama Dobi aliziacha nguo za watu kwenye beseni akaenda kupanga foleni shuleni. Kitambulisho alikuwa nacho, na hasira alikuwa nazo tele, maana bomba la mtaa wao lilikauka mara tu baada ya uchaguzi uliopita, na walioahidi kulitengeneza wakapotea nalo.

Karani wa uandikishaji, kijana wa mtaa huohuo, alimwambia aweke vidole kwenye mashine. Ikakataa. Akavipangusa kwa upindo wa gauni, akaweka tena. Ikakataa. Miaka thelathini ya sabuni na kusugua ilikuwa imefuta mistari yote. Vidole vilikuwa laini kama kigae.

“Mama, hivi vidole umevifanyaje?” karani akauliza. “Bila alama siwezi kukuandika. Kalete barua kutoka ofisi kuu.”

“Ofisi kuu ni safari ya siku nzima, mwanangu, na nyie mnafunga leo saa kumi!”

“Mimi nimetumwa tu, mama.”

Mama Dobi akamkodolea macho. Lile shati jeupe alilovaa karani alilijua. Kola yake aliisugua mwenyewe juzi mpaka ikatakata.

“Unaniuliza vidole vyangu? Si hivyo umevivaa shingoni!”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani hakucheka. Akaita anayefuata.

Jumatatu mke wa karani akaleta nguo za wiki kama kawaida, lile shati likiwa juu. Mama Dobi akalipokea, akachukua ndoo, akaenda kutafuta maji mtaa wa tatu.