Sindano za Mama na Chuo cha Mwanza

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, alama zangu zilitosha kusomea udaktari, lakini si kila mahali. Mwanza wangenichukua. Dar ilikuwa ya kubahatisha, maana wenye alama kama zangu walikuwa wengi kama siafu. Mwenye akili timamu angeomba Mwanza, tena angeomba dirisha la kwanza la maombi, kabla nafasi hazijajaa.

Mimi nikamwambia mama tusubiri dirisha la pili, na tuombe Dar tu.

"La kwanza lina msongamano, mama. Acha watu wapungue."

Ulikuwa uongo, na sikuwa mwongo mzuri. Sababu ilikuwa macho yake. Tangu augue mwaka uliotangulia, vitu vya karibu aliviona ukungu mtupu. Miwani aliyopewa hospitali aliivaa siku mbili, akasema inamtia kizunguzungu, akaifungia kabatini. Ubishi nimeurithi kwake. Aliuza magauni ya mtumba Kariakoo, na kila gauni lilipita kwanza mikononi mwake chumbani kwetu Buguruni, maana halikosi kifungo kilicholegea au pindo lililofumuka. Kushona aliweza kwa kupapasa. Kutia uzi kwenye sindano hakuweza kabisa. Hiyo ilikuwa kazi yangu kila siku baada ya magharibi, na nyumbani tulikuwa wawili tu.

Siku ile aliendelea na kushona kwake. Kesho yake alfajiri akaniambia nimsindikize kwenye kufungua belo, robota la mitumba. Kamba zilipokatwa, wauzaji waliofika mapema wakaondoka na magauni yanayong'aa. Waliokuja jua limepanda wakaokota yenye madoa. Tulipofika mezani kwake, mama akaanza kutundika mzigo bila kunitazama.

"Umeona waliochelewa walichopata?"

"Nimeona."

"Sasa nani kakwambia tusubiri watu wapungue?"

Nikaokota gauni, nikalitundika.

"Mwanangu, mimi nimezeekea hapa. Mteja asiyenunua namjua. Anakwambia, 'Nazunguka kidogo, nitarudi.' Harudi. Na wewe hilo dirisha lako la pili ni hivyohivyo. Unaogopa nini?"

Nikalia, palepale kwenye njia ya watu, hadi dada wa meza ya jirani akajifanya yuko bize kupanga sidiria. Nilimpenda mama kupita kiasi na nilikuwa na hasira naye kwa kunisoma upesi hivyo.

"Nani atakutilia uzi?" nikauliza.

Kwanza alicheka. Kisha akakasirika kweli.

"Yaani udaktari uuache kwa ajili ya tundu la sindano?"

Alimwachia dada yule meza, akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, tukaenda steshenari moja Gerezani wanakojaza maombi ya vyuo kwenye kompyuta. Mwenye duka, mwanamke wa Kihindi aliyekuwa akimuuzia mama nyuzi tangu mimi sijazaliwa, aliitikia shikamoo yangu, akauliza naomba wapi. Nilipofungua mdomo, mama alishajibu.

"Mwanza. Leo leo."

Nilichaguliwa. Siku ya mwisho kabla ya safari nilinunua sindano pakiti mbili, nikazitia uzi zote, mweusi, mweupe na wa bluu, nikazichomeka kwenye kipande cha khanga kuukuu. Nikamwelekeza kwamba zikiisha amwombe jirani. Alisema haya. Asubuhi kwenye basi hakulia hata kidogo. Nililia mimi hadi Chalinze.

Mwanza nilisoma, na kila magharibi vidole vyangu vilikosa kazi.

Likizo ya kwanza niliporudi, nilimkuta amekaa mkekani na gauni mapajani, miwani puani. Alikuwa amekunja uso, anahangaika kuelekeza uzi kwenye sindano, anakosa, anaulamba, anajaribu tena. Alipofanikiwa alishusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Ukutani, juu ya kitanda chake, kile kipande cha khanga kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari. Nikakisogelea. Sindano zangu zote zilikuwa pale, na nyuzi zake, hakuna hata moja iliyoguswa.

"Mama, hizi mbona hujazitumia?"

Akafunga fundo, akaendelea kushona.

"Nikizitumia si zitaisha?"